Aliyekaa Si Lazima Awe Anapumzika

Muhula huu, kwenye somo la mbinu za kufundishia historia, kila kundi lilipewa picha moja ya zamani na kuambiwa liandae kipindi cha dakika 40 kuhusu Mapinduzi ya Viwanda Uingereza. Kundi letu likaangukia mchoro wa James McNeill Whistler wa mwaka 1859, unaoitwa Black Lion Wharf. Mbele kuna mwanaume amekaa. Nyuma yake ni mto Thames, vyombo vimetia nanga, na ng'ambo kuna msururu wa maghala yaliyochoka. Tukaanza na swali ambalo mwalimu yeyote angeuliza: mnaona nini? Mwenzetu mmoja akadaka haraka: "Namuona jamaa anakula bata ufukweni saa za kazi. Ndiyo maana walibaki masikini." Tukacheka wote. Nilicheka na mimi, halafu kicheko kikaniganda mdomoni.

Kiliganda kwa sababu mkao ule naujua. Baba yangu mdogo amefanya kibarua cha kupakua mizigo kwa miaka mingi. Nikiwa mdogo nilikuwa napelekwa kumpa chakula, na mara nyingi nilimkuta amekaa hivyohivyo, mgongo umepinda, macho yako getini. Ukipita na gari ungesema huyu mzee anapunga upepo. Kumbe alikuwa anasubiri jina lake liitwe, na likipita saa nne bila kuitwa, siku hiyo nyumbani kwake ni uji.

Ndiyo maana naandika makala haya. Michoro ya kingo za Thames ya enzi za Malkia Victoria inapendwa sana kwenye vitabu na kwenye slaidi za wahadhiri, na kwa kawaida tunaigawa mafungu mawili: hii ya watu wa kazi, ile ya watu wa starehe. Mimi nasema mgawanyo huo unatudanganya. Mtu aliyekaa kwenye mchoro wa "kazi" anaweza kuwa hana kazi kabisa, na mchoro wa "starehe" unaweza kuwa umejaa watu walio kazini ila hawaonekani. Sisi tunaosomea ualimu tusipojifunza kuona hilo, tutakwenda kufundisha watoto kwamba masikini ni mtu aliyependa kukaa.

Kwanza tuelewane tunaongelea picha za namna gani. Si picha za rangi. Msanii anachukua bamba la shaba, analipaka nta, anachora juu ya nta kwa sindano mpaka shaba ionekane, halafu analitumbukiza kwenye asidi. Asidi inakula pale tu sindano ilipopita. Nta ikishaondolewa, bamba linapakwa wino, linafutwa, linawekewa karatasi yenye unyevu na kugandamizwa kwenye mtambo. Bamba moja linatoa nakala nyingi, na picha inatoka imegeuzwa, kulia kunakuwa kushoto. Faida yake ni kwamba bamba dogo unaweza kutembea nalo na kuchorea palepale mtoni. Na hapa tabaka linaingia hata kabla hatujatazama picha yenyewe: nani alikuwa na muda wa kutembea na bamba? Shemeji yake Whistler, Francis Seymour Haden, alikuwa daktari wa upasuaji. Alichora kwa mapenzi tu, baada ya kazi na kwenye safari zake za kuvua samaki, na hata hivyo akawa miongoni mwa wachoraji wa bamba waliosifiwa zaidi nchini mwake. Kwa hiyo mchoro wa mto mara nyingi ulikuwa wenyewe ni tunda la starehe ya mtu.

Whistler hakuwa tajiri wa kuzaliwa. Alikuwa Mmarekani wa miaka 25 alipokaa maeneo ya Wapping na Rotherhithe, mashariki ya London, akachora makuli, mabaharia na maghala. Kwenye mchoro unaoitwa Longshoremen, makuli wamekaa kwenye meza ya baa. Kwenye Rotherhithe, wa mwaka 1860, wanaume wawili wamekaa kwenye roshani ya baa wakivuta viko, nyuma yao msitu wa milingoti. Ukihesabu wanaobeba mzigo na waliokaa, waliokaa ndio unaowakumbuka. Mwenzetu alichokisema darasani si ujinga, ndicho ambacho jicho linaona.

Lakini hebu tuulize kazi ya bandari ilikwendaje. Meli nyingi bado zilikuwa za matanga. Upepo ukivuma kutoka mashariki kwa siku kadhaa, meli zilishindwa kutoka baharini na kuingia mtoni, na maelfu ya watu London walikosa kazi kwa sababu ya upepo tu. Mwandishi Henry Mayhew, aliyezunguka mitaa hiyo karibu na mwaka 1850, alieleza jinsi wanaume walivyojazana getini asubuhi, wakisukumana na kupaza sauti ili msimamizi awaone, kwa kibarua cha siku moja au hata cha saa chache. Aliyekosa hakurudi nyumbani moja kwa moja. Alibaki karibu, maana meli inaweza kuingia saa sita mchana na wakahitajika watu. Akikaa mtoni, anasubiri. Akikaa baa, anasubiri pia, maana habari za kazi zilipatikana baa.

Mfumo huo haukufa kwa watu kuwa wachapakazi zaidi. Mwaka 1889 makuli wa London waligoma, na kati ya madai yao makubwa kulikuwa na mawili: peni 6 kwa saa, na kwamba mtu akiitwa kazini asiajiriwe kwa muda usiofika saa nne. Dai la pili ndilo linalonigusa. Walikuwa wanapigania muda wao. Walitaka kusubiri kuwe na thamani, ili mtu akishamaliza kazi aweze kukaa kwa amani na huko ndiko kuitwe kupumzika. Waingereza hao hao walipotawala huku kwetu, kazi ya bandarini Dar es Salaam na Mombasa iliendeshwa kwa vibarua wa siku, na mwaka 1947 miji yote miwili ilishuhudia migomo mikubwa ya wafanyakazi. Neno letu "kibarua" lenyewe limetoka kwenye barua ndogo, kile kikaratasi alichopewa mtu wa kazi ya siku. Kwa hiyo yule jamaa wa mwaka 1859 si mgeni kwetu kama tunavyodhani.

Sasa angalia mchoro wake ulikwenda wapi. Mwaka 1871 Whistler alichora kwa rangi picha ya mama yake mzazi, ile maarufu ya bibi aliyevaa nguo nyeusi, amekaa upande, mikono mapajani. Iko Paris, kwenye makumbusho ya Orsay. Ukutani mbele ya bibi huyo kumetundikwa picha ndogo yenye fremu. Picha hiyo ni Black Lion Wharf. Yaani kuli wa Wapping, aliyekaa akisubiri upepo ubadilike, amekuwa pambo la sebule ya watu wenye heshima zao. Kwenye turubai ileile kuna watu wawili waliokaa, mmoja kwenye kiti cha nyumbani kwake, mwingine kwenye ukingo wa mto, na dunia nzima inamjua mmoja tu.

Mwaka huohuo, 1871, ndio aliohamia London Mfaransa James Tissot, baada ya vurugu za Paris. Na ndio mwaka ambao Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya sikukuu za benki, iliyoweka siku nne za mapumziko kwa mwaka Uingereza na Wales. Nawaomba muishike sheria hiyo, nitairudia.

Tissot ndiye ambaye wenzangu wengi wanamuona wa kishua. Alikuwa na nyumba nzuri, bustani nzuri, na wateja wenye hela. Alichora mabibi wenye magauni ya mikunjo na mabwana wenye kofia. Mwaka 1876 alionyesha picha inayoitwa The Thames, akatengeneza pia mchoro wa bamba wa tukio hilohilo: mwanaume mmoja na wanawake wawili ndani ya boti, wana kikapu cha chakula na chupa za shampeni, na nyuma yao kuna milingoti na moshi wa bandari. Wahakiki walichukia, wakasema ni picha ya watu wasio na adabu. Mwanaume mmoja, wanawake wawili, shampeni mchana kweupe! Tatizo lao lilikuwa maadili. Mimi nikiitazama naona jambo jingine: wale watu wanakula bata katikati ya eneo la kazi la wengine. Bandari ya Whistler, yenye makuli na njaa zao, kwa Tissot imekuwa pazia la nyuma la pikiniki.

Halafu kuna mchoro wake wa mwaka 1878, Trafalgar Tavern, Greenwich. Huu ndio ningependa kila mwalimu wa historia awe nao. Trafalgar Tavern ilikuwa hoteli iliyojengwa mwaka 1837 pembezoni kabisa mwa maji. Ilisifika kwa chakula kimoja: samaki wadogo wa kukaanga, wa jamii ya dagaa. Ndiyo, dagaa. Mawaziri wa serikali walikuwa na desturi ya kwenda Greenwich mwisho wa kikao cha Bunge kula dagaa na kunywa mvinyo. Kwenye mchoro wa Tissot wateja wako juu, kwenye roshani na madirisha makubwa yaliyochomoza kuelekea mtoni. Chini, maji yakiwa yamekupwa, kuna watoto kwenye tope.

Watoto hao walikuwepo kweli. Kingo zote za Thames zilikuwa na watoto na wazee walioshinda topeni maji yakitoka, wakiokota vipande vya makaa ya mawe, misumari ya shaba, kamba kuukuu, chochote kinachouzika. Ni tope lililochanganyika na majitaka. Mwaka 1858, miaka 20 kabla ya mchoro huu, mto ulinuka mpaka Bunge likashindwa kuvumilia, ndipo hela za kujenga mfumo wa majitaka zikapatikana haraka. Na pale Greenwich kulikuwa na mchezo: mteja akishashiba anatupa sarafu dirishani, na watoto wanaingia topeni kuigombania. Starehe ya juu ilikuwa ni kutazama ya chini. Wahenga wamesema mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Pale Greenwich alimjua vizuri sana, alikuwa anamtazama kila jioni akiwa na glasi mkononi.

Kwa hiyo nasema hivi, na najua wapo watakaobisha: kwenye suala la tabaka, Tissot wa kishua anatufundisha zaidi kuliko Whistler wa makuli. Si kwamba alikuwa na huruma zaidi, hilo sitalidai. Ni kwamba kwenye bamba lake mwenye starehe na asiye nayo wako kwenye karatasi moja, na unaona ngazi iliyo kati yao. Whistler anakupa masikini peke yake. Masikini akichorwa peke yake ni rahisi kumpa sababu zake mwenyewe: mvivu, mlevi, hana malengo. Akichorwa chini ya roshani, inabidi uiulizie roshani.

Nirudi kwenye sheria ya 1871. Tumezoea kusema starehe ni zawadi ya aliyejituma. Methali yetu nayo inasema kazi mbaya si mchezo mwema. Ila historia ya Thames inaonyesha kwamba muda wa kupumzika uligawiwa kwa sheria na kwa kanuni kama kitu kingine chochote. Chukua mashindano ya makasia ya Henley, yaliyoanza mwaka 1839. Mwaka 1879 wasimamizi wake waliandika maana ya mchezaji wa ridhaa, na maana hiyo ilimtoa nje mtu yeyote ambaye ni, au amewahi kuwa, fundi, mtu wa kazi za mikono au kibarua wa ujira. Umeelewa? Mtu anayepiga makasia kila siku kuwavusha wengine asishindane na anayepiga makasia Jumamosi kwa kujifurahisha. Mwaka 1920 Mmarekani John B. Kelly, aliyekuwa fundi wa kujenga kwa matofali, alikataliwa Henley, na kifungu cha kazi ya mikono kilikuwa miongoni mwa sababu. Mwaka huohuo akachukua dhahabu ya Olimpiki kule Antwerp.

Na watu wa kawaida walipopata siku yao mtoni, waliipata kwa masharti ya mto uleule. Tarehe 3 Septemba 1878, mwaka wa mchoro wa Trafalgar Tavern, meli ya matembezi Princess Alice ilikuwa inarudi London jioni imejaa familia zilizotoka kutembea. Ikagongwa na meli ya makaa ya mawe karibu na Woolwich, ikazama kwa dakika chache. Walikufa watu zaidi ya 600, eneo ambalo majitaka ya London yalikuwa yanamwagwa. Kazi na starehe zilikuwa kwenye mkondo mmoja, na zilipokutana usiku ule walioumia ni waliokuwa na siku moja tu ya kutembea.

Najua swali litakalokuja, maana niliulizwa palepale darasani: kwa nini unaleta siasa kwenye sanaa? Whistler mwenyewe aliamini picha ni mpangilio wa mistari na rangi, haina wajibu wa kuhubiri. Sawa, namheshimu. Sisemi alipaswa kuchora vingine, na mistari yake kwenye mbao za yale maghala ni ya mtu aliyetazama kwa makini kuliko wengi. Lakini hata yeye hakufika mtoni peke yake. Alipohamia Chelsea, waliomwendesha kwenye maji, mpaka usiku alipotaka kuutazama mto gizani, walikuwa vijana wawili wa jirani, Walter na Henry Greaves, watoto wa mtengeneza boti. Walimfundisha mto, naye akawafundisha kuchora. Wakawa wasaidizi wake kwa miaka mingi, kisha akaachana nao. Walter alisifiwa kwa muda mfupi mwaka 1911, akashutumiwa kwamba amemwigiza bwana wake, akafa mwaka 1930 kwenye nyumba ya kutunzia wazee wasio na uwezo. Kila nikiona picha ya mto usiku yenye jina la Whistler, najiuliza nani ameshika kasia. Sioni kama swali hilo linaharibu picha. Kwangu limeiongeza.

Basi sisi tufanyeje? Walimu watarajiwa tuna nafasi ndogo lakini ya kweli. Historia ya sekondari kwa miaka mingi imefundishwa kwa Kiingereza, na mtoto wa kidato cha tatu anaweza asielewe nusu ya aya kwenye kitabu. Picha anaielewa. Tukimwachia picha bila maswali, atatoka na jibu lile la mwenzetu. Mimi napendekeza maswali matatu, kwa picha yoyote ya watu waliokaa. Huyu amekaa au anasubiri? Nani amemwezesha kukaa hapa, na kwenye picha yuko wapi? Nani aliichora, na alipata wapi muda?

Na yasiishie darasani. Tuna desturi hapa chuoni ya kupiga picha za ufukweni wikiendi, miguu juu ya kiti, juisi mezani. Hakuna ubaya, na mimi ninazo. Lakini ni sisi haohao tukipita kijiweni saa tano asubuhi tunasema vijana wa nchi hii wanapenda kukaa. Kukaa kwetu tunakuita mapumziko, kwao tunakuita uvivu, na hatujamuuliza hata mmoja anasubiri nini.

Kipindi chetu tulikirudia wiki iliyofuata. Tuliweka michoro miwili ubaoni, Black Lion Wharf na Trafalgar Tavern, tukanyamaza dakika mbili nzima ili watu watazame. Yule mwenzetu wa "kula bata" ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyoosha mkono. Akauliza: "Huyu wa mbele kwenye picha ya kwanza, siku hiyo aliitwa?" Hakuna anayejua. Tuliliandika swali ubaoni, na kipindi kikaanzia hapo.